Mama, Foleni ya Sukari Imekwisha

Mama yangu kipenzi,

Jana nilikwenda kununua sukari kwa Mzee Maganga, nikakuta benchi lako amelihamishia ndani ya duka ili asilikalie mtu mwingine. Akaniuliza, "Mtani wangu hajambo huko aliko?" Nikacheka kwa sauti, wateja wakanishangaa. Mwezi uliopita tulipokuzika sikudhani ningecheka mapema hivi. Ndiyo maana nakuandikia.

Ya mwisho mwisho hukuyakumbuka, basi nikukumbushe. Kazi hiyo niliizoea.

Ulianza kwa vitu vidogo. Kijiko ukakiita "hiki cha kukorogea". Mimi mwanao ukaniita dada. Kisha ukaanza kupanga foleni. Miaka ya ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia, maduka ya Morogoro yamejaa sukari, sabuni na khanga za kila rangi, lakini wewe ulikuwa bado kwenye miaka ya mgawo, ya kupimiwa sukari kwa foleni. Alfajiri ulibeba kikapu ukaenda kusimama mbele ya duka lililofungwa, peke yako, ukilinda nafasi. Sukari ukaificha uvunguni, na sisimizi wakahamia kwetu ukoo mzima.

Hilo tulilimudu. Lililotushinda ni mdomo. Wewe Mama, uliyekuwa ukiongea kama unayeogopa kumwamsha mtoto, ukaanza kutukana! Kila mwenye duka ulimwita mlanguzi mbele ya wateja wake. Mmoja akaja mpaka nyumbani akifoka: "Mfungieni huyu bibi yenu, ananiharibia biashara!"

Habari zikamfikia Mjomba huko Kinole, akateremka. Kwetu Waluguru unajua mwenyewe, mjomba akishasema amesema.

"Dada yangu nampandisha mlimani," alisema. "Atakaa ndani, mlango ufungwe kwa nje. Watu wasimwone hivi."

"Mjomba, nakuheshimu, lakini huko atakufa na upweke."

"Aibu nayo inaua, mwanangu."

Ulikuwa umekaa papo hapo ukimenya ndizi, hujui anayezungumzwa ni wewe. Niliumia, Mama. Niliumia sana.

Asubuhi ya safari ukatutoroka. Tulikukuta kwenye duka jipya la Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyefungua biashara baada ya kupunguzwa kiwandani. Ndiyo kwanza anatoa komeo, wewe umeshamnyooshea kidole: "Mlanguzi mkubwa! Umeficha sukari yetu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba akavua kofia. "Tuwie radhi, ndugu yangu. Dada yangu mgonjwa. Sisi Waluguru wa hapo juu tu, leo tunampeleka..."

"Waluguru?" Mzee Maganga akamkata kauli. "Kumbe watani zangu! Sasa radhi ya nini?" Akakugeukia, mikono kiunoni. "We bibi! Nyie mnaolima mmejifunga kamba msiporomoke na mahindi yenu, leo nani kakufungua?"

Ukashusha kidole. Kisha uso wako ukakunjuka.

"Mnyamwezi wewe! Babu zako wamebeba mizigo ya watu mpaka shingo zikazama, leo unaniletea maneno?"

Hukubabaika hata neno moja. Majina yetu ulikuwa umeyapoteza, lakini utani ulikuwa nao mzima. Na ukacheka, Mama, kile kicheko chako cha zamani cha kujipiga mapajani. Mjomba akaketi juu ya gunia la mchele, akacheka, akajifuta macho kwa kofia yake. Tusi la mtani halina kesi, na palipo na utani aibu haina pa kukaa. Alirudi Kinole peke yake.

Benchi likawa lako. Kila asubuhi mlitukanana, akakupimia sukari kidogo, ukarudi umeridhika. Sisemi ulipona. Jioni bado ulilia ukimtafuta mama yako, na mimi nililia nawe. Lakini asubuhi zako zilikuwa na watu.

Siku ya mazishi, wanaume walipoliinua jeneza, Mzee Maganga, kwa haki ya mtani msibani, aliziba mlango. Amejifunga khanga yako, amebeba kikapu chako. "Hakuna kutoka! Leo mgawo! Pangeni foleni!" Waombolezaji wakaangua kicheko na machozi yao usoni. Mjomba, yule yule, akawa wa kwanza kujipanga, wengine wakamfuata nyuma. Mzee Maganga alipoona mstari umenyooka, akasogea pembeni.

"Mpisheni mtani wangu," akasema. "Yeye aliwahi."

Nakukumbuka, Mama, lakini nimetua mzigo. Mlango wako haukufungwa kwa nje hata siku moja. Sasa pumzika, usiamke tena alfajiri. Sukari ipo.

Ni mimi mwanao,
yule uliyemwita dada.