Tembo, Ngiri na Kitambi Changu

Jumanne, 9 Septemba 2025

Zimefika! Mbili! Yaser kazishusha asubuhi mbele ya kitalu chetu cha miche hapa Isevya, mtaa mzima ukaacha chai. Vikatapila vya mikanda ya mpira, kijiko mbele, kibanda cha dereva katikati. Moja kubwa, ina kiyoyozi na redio — nimeiita Tembo. Nyingine fupi, nyembamba, imeinama kama inanusa mizizi. Hiyo ni Ngiri.

Yaser anauza mitambo Mwanza. Kijana mpole, maneno mengi. Anasema, mzee Gerson, zijaribu zote, Jumamosi nakuja na lori, moja inabaki kwako, moja naondoka nayo.

Zijaribu! Ananiambia mimi, niliyeshusha semitrela milima ya Burundi breki zinanuka! Nimekula ugali Lubumbashi, nimegombana na askari wa mipaka kwa lugha nne, moja siijui. Nimemwambia Yaser, mimi nikifungua boneti injini inaniamkia. Kacheka. Nampenda kijana huyu.

Magreth, mke wangu, kachukua ile kamba anayonyooshea mistari ya miche, kapima Tembo upana, kapima Ngiri, kafunga mafundo. Nikamuuliza, unawapimia suti? Kajibu: "Ndiyo, wana harusi." Kaitia kamba mfukoni.

Kitalu ni chake. Nyasi, maua, miti ya kivuli, vyote yeye. Mimi tangu mgongo unitoe kwenye malori ni kumwagilia maji na kusimulia. Mteja akiingia ananisalimia mimi, swali anamuuliza yeye. Basi sasa na mimi nina kiti changu. Mtaa mzima nimeshautangazia: dereva ni Gerson!

Jumatano, 10 Septemba

Tembo kutwa nzima. Kiwanja kikubwa cha mtu kule njia ya zamani ya misafara. Nimeng'oa visiki, nimesawazisha, nimepakia udongo kwenye lori — kijiko kinapanda wima mpaka juu ya bodi, hakitetemeki. Ndani baridi kama bucha. Nimefungua redio, nimefunga mlango, nimesahau mgongo.

Waliosimama kutazama nimewapa historia bure. Nimewaambia babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe toka hapa mpaka pwani, wao ndio katapila za kwanza nchi hii, tena hawakunywa dizeli.

Magreth kaleta chakula. Kazunguka, katazama chini. "Inabeba vizuri. Ila ukigeuka unachana ardhi kama umeangusha pete ya ndoa." Wivu! Nimekula vyote, na chake kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbaya. Fupi basi.

Nabhan, yule mfanyabiashara wa vitambaa, anamwoza binti yake Maram mwezi ujao. Anataka ua usawazishwe, mfereji wa maji machafu uchimbwe, nyasi zipandwe. Nimefika na Tembo, honi juu. Watu kibarazani. Geti — Tembo hapiti! Nimejaribu kulia, kushoto, nimerudi nyuma, nimekuja kwa pembe. Hapiti.

Nabhan katoka na kahawa. "Bwana Gerson, geti hili babu yangu aliwajengea punda na mizigo yao. Tembo hatukumwalika."

Nikasema, tubomoe nguzo moja tu, nitaijenga upya, nzuri zaidi. Akanitazama kama nimeomba jino lake.

Magreth alikuwa nyuma yangu. Kaitoa ile kamba, kaipima getini, fundo la Tembo likabaki nje. Kaikunja, kairudisha mfukoni. Angesema neno ningejitetea!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeenda na Ngiri baada ya swala, Nabhan yupo. Unapandia mbele, unavuka kijiko, unageuka, unakaa. Halafu unashusha chuma fulani mapajani. Chuma kisiposhuka mpaka mwisho, taa inabaki nyekundu na mtambo hausogei. Ndivyo ulivyoumbwa.

Chuma kikashuka. Kikakutana na tumbo langu. Kikasimama.

Nikavuta pumzi. Bado. Nikavuta nyingine juu ya ile ya kwanza. Taa ikapepesa — nikapumua — chuma kikaruka juu. Nabhan kashika ukuta, machozi yanamtoka. "Mwenzangu, huyo ngiri anakataa au anaogopa?"

Nikampigia Yaser. Kasema pole, mzee, hapo hakuna njia ya mkato, ni usalama. Nikamwambia usalama gani, tumbo hili nimelijenga nchi sita!

"Baba Julieth," Magreth kasema, "hebu shuka nijaribu."

Chuma — klak! Taa kijani. Getini kapita bila kugusa nguzo. Nikamkimbilia nyuma nampigia kelele: taratibu! inua kijiko! rudi, rudi, simama! Mwanzo kanifuata, kayumba, kachota hewa tupu badala ya udongo, tukacheka. Baadaye hakuhitaji kelele zangu, nami nikaendelea kuzipiga. Hageuki papo hapo, anazunguka kwa upinde mpana, ardhi inabaki laini kama kitanda kilichotandikwa. Ana mkono. Naliandika hapa tu, mtaani sitalisema.

Jioni sikula. Kauliza kama naumwa. Nikasema sina njaa. Kacheka mpaka akakaa chini — miaka yote ya ndoa hajawahi kuisikia sentensi hiyo kinywani mwangu.

Ila mimi nawaza. Tembo akibaki, mimi dereva, lakini kazi zetu ni hizi nyua za watu, mageti ya punda, vichochoro. Viwanja vikubwa vinakuja kwa nadra kama treni ya mizigo. Ngiri akibaki, miche ya Magreth, wateja wake, na kiti chake. Mimi je? Utingo wa mke wangu? Gerson wa Lubumbashi!

Jumamosi, 13 Septemba

Lori la Yaser limesimama nje kwa Nabhan, injini inaunguruma. Tembo anasubiri barabarani. Magreth kamaliza mfereji tangu asubuhi, maji yamepitishwa, yanateremka yenyewe. Mama Maram katoka kutazama, kapiga kigelegele. Kampigia Magreth! Sio mimi.

Halafu Magreth kazima, kashuka, kaja kusimama karibu nami, sauti ya chini: "Hebu jaribu tena. Kiti nimekusogezea nyuma mpaka mwisho. Kikikataa, basi tuchukue Tembo. Tutatafuta wenye mageti mapana."

Hakutania. Ningependa angetania.

Nimepanda. Nimeshusha chuma. Kimebakiza kidole kimoja. Taa nyekundu.

Naandika nikiwa humu humu ndani. Kwa mbali naonekana nakagua mtambo. Yaser anauliza kwa sauti, mzee, nipakie ipi? Magreth kanipa mgongo, anajifanya anatazama mfereji, vumbi mpaka kwenye kope.

Yaser anapiga honi. Subiri, bwana! Chini ya kiti kuna kishikio. Nimekivuta. Kiti kinateleza mbele, tundu kwa tundu, naminywa mimi, tumbo linalalamika — bado kidogo, bado, mpaka pale miguu ya Magreth inapofikia. Yaser, pakia Tembo!