Trekta Linalala Juu ya Nyumba ya Bibi Eugenia

Jiwe la trekta limesogea tena leo asubuhi, mpendwa mshauri wa gazeti, sio sana, kama upana wa kiganja, ila nimeliona kwa sababu nyasi zilizokuwa chini yake zimelala upande mmoja, na anayeangalia nyasi hapa ni mimi peke yangu, ndiyo maana naomba msaada wako kabla sijawa mtu wa kuulizwa maswali.

Mimi ni dereva wa trekta huku Chonyonyo, Karagwe. Trekta sio langu, ni la kaka yangu Projestus, alilinunua limeshazeeka kwa mtu wa Muleba, tunalima nalo rweya, yaani ule uwanda wa nyasi, maana kwenye kibanja huwezi kuingiza trekta ndani ya migomba. Injini ni nzima, inavuta vizuri, ila stata imekufa, breki ya mkono haipo, breki ya mguu inashika tairi moja, na ukiliacha ndani ya gia, gia inaruka yenyewe. Kwa hiyo kuliwasha ni lazima literemke. Jioni nalipandisha pamoja na jembe lake la sahani kwenye kilima nyuma ya kwetu, naelekeza pua chini, naweka jiwe mbele ya tairi, asubuhi natoa jiwe, linashuka, naachia klachi, linaguruma, nakata kulia naingia barabarani. Nikichelewa kukata kulia, mbele yangu kuna nyumba ya Bibi Eugenia, jirani yetu, anaishi peke yake, na kinachoanza ni jiko lake.

Wiki iliyopita halikuwaka. Nilikanyaga breki mpaka mwisho, likaenda hivyo hivyo mpaka kwenye uzio wake, pua ikaingia ndani, ndipo likasimama. Bibi akatoka na mwiko mkononi. Mimi nikasema shikamoo kwa sababu sikuwa na neno lingine, akaitikia, akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, umeniletea trekta mpaka jikoni kunisalimia? Ungesema jana ningepika chai ya wawili." Nikakaa nikanywa chai. Sasa amewaambia watu kanisani kwamba mdogo wa Projestus ana adabu, kila asubuhi anashuka na trekta kumwamkia kabla ya kwenda kazini, na kweli huwa namwamkia nikipita, lakini sio ninachoshukia. Siku hizi nikianza kutoa jiwe yeye anatoka, anasimama pale pale kwenye mlango wa jiko, ananisubiri.

Kaka nilimwambia mara moja, tulikuwa tunapaka grisi, nikasema jiwe linasogea. Akanijibu, "Jiwe lenyewe halijalalamika, wewe unalalamika nini?" Waliokuwepo wakacheka, na mimi watu wakicheka nafunga mdomo, niko hivyo tangu mdogo. Siku nyingine nikajaribu kuuliza kwa nini tusilaze trekta upande wa pili wa kilima, akasema huko kuna kahawa yake, hataki ivunjwe, na stata atanunua msimu wa maharage ukiisha. Akaongeza kwamba kama naogopa kiti, yupo Dastan atakikalia. Dastan namjua, huyo anateremka huku anaangalia simu.

Kwa hiyo nikisema sana natolewa, anapanda Dastan, Bibi yuko chini. Nikinyamaza napanda mimi, Bibi yuko chini vile vile. Sitaki kukudanganya, na kiti chenyewe nakipenda, shule niliishia la nne, na watu waliokuwa hawaitikii salamu yangu sasa wananiita dereva. Nifanye nini, nimweleze Bibi ukweli halafu aonekane mjinga mbele ya wenzake wa kanisani, au niendelee kuangalia jiwe?

Naishia hapa, wingu limeshashuka na huu udongo wetu ukilowa unakuwa sabuni, nakwenda kuongeza jiwe la pili kabla Bibi hajaingia jikoni kuwasha moto wa jioni.

Dereva, Chonyonyo

*

Dereva, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mimi hunijui, niko mbali, na umenieleza mpaka nyasi zimelalia upande gani. Mwanamke anayesimama mbele ya hilo trekta kila asubuhi hujamwambia neno. Na chai yake umekunywa.

Pole, mwanangu. Najua kicheko cha watu kinavyoziba mdomo, na nimeona kwamba hapo kwenu mwenye macho ni wewe. Lakini macho yako yanamsaidia nini aliye chini kama hayamfikii? Wewe unasema unaangalia jiwe. Mimi naona unaangalia kaka yako asikasirike.

Bibi muone leo, usingoje kesho. Mwambie, "Bibi, siku ile trekta lilinishinda. Ukisikia natoa jiwe usisimame jikoni, pita upande wa migomba." Hayo tu. Ukishindwa kumtazama usoni, yaseme ukiwa umembebea ndoo. Ataona haya kidogo kwa yale aliyosema kanisani, halafu zitaisha, na atakuwa mzima wa kuziona zikiisha.

Kaka yako naye, kahawa yake ameikumbuka, jirani yake amemsahau. Hilo nimelisema mimi ili wewe usilazimike. Mpe gazeti asome.

Sasa huyo Dastan unayetishwa naye. Nilimpigia fundi mmoja wa matrekta, anaitwa Othman, nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye jiwe akanikatiza, akauliza, "Na jembe lililofungwa nyuma usiku linafanya nini?" Anasema hakuna trekta linalolazwa pua chini likategemea jiwe. Linalazwa kwa upana wa kilima, yaani pua isielekee chini wala juu, jembe linashushwa mpaka sahani zake za chuma ziume ardhi, ndipo injini inazimwa. Fanya hivyo jioni ya leo ukitoka rweya. Huhitaji ruhusa ya mtu wala maneno mengi, na kama mtu atauliza, sema ndivyo trekta linavyolazwa, kwa sababu ndivyo.

Asubuhi halitateremka. Kaka yako atamwita Dastan, naye atavuta ule mkono wa kunyanyulia jembe mpaka achoke, maana jembe hilo hunyanyuliwa kwa nguvu ya injini. Wakisema walifungue kwa spana, itabidi waite watu wa kulibeba, na hao watu watauliza kwa nini limeshushwa. Safari hii usinyamaze. Waoneshe nyumba iliyoko chini, kisha rudi nyuma, wacha waangalie wenyewe.

Kaka yako atafoka. Mwache afoke, na wewe usiguse kitu. Jembe halinyanyuki mpaka injini iwake, na injini haiwaki mpaka alete stata.

Bi Kauthar