Farasi Uliyempa Diba Jikoni

Baba yangu,

Nimetoka kaburini kwako sasa hivi, na dua imenishinda. Nina hasira na wewe.

Unakumbuka ile asubuhi hapa Kiwanjani, Diba akijigonga kichwa ukutani, majirani wakichungulia na kunong'ona eti ana jini? Ni wewe uliyemwongoza hadi kwa Magala, farasi wako, ukauweka mkono wake shingoni mwa mnyama. "Mwache apumue naye," uliniambia. Mwanangu wa miaka kumi na minne, asiyevumilia kuguswa hata na mimi mamake, akatulia. Wallahi nililia! Baadaye mwalimu wake akaja kutufundisha: amsugue farasi kwanza, amwongoze, ndipo ampande polepole. Akaleta na vijana wengine wenye usonji. Ulikuwa ukicheka, "Hawa wanamwelewa huyu farasi kunishinda."

Halafu ukasema, "Magala ni wa Diba." Ukaniambia mimi peke yangu, jikoni, kwa sauti ya chini! Wajukuu wengine wote uliwapa mifugo mbele ya wazee, ukawashikisha kamba, watu wakawabariki. Wa Diba ukamficha. Uliona haya, Baba. Uliogopa watu waseme umempa farasi mtoto asiyesema.

Haya basi, ona ulichotuachia. Kaka Boru anamtaka Magala. "Mali ya mzee inamfuata kifungua mimba," anasema, na mnunuzi anamngoja huko mjini Garbatulla. Jana akaniletea wazee. Wakaniuliza, "Shahidi wako ni nani?"

"Ni marehemu," nikawajibu, "na alikuwa mwoga."

Boru akaruka, "We dada, huna adabu!" Acha nikose. Tangu jana Diba hataki chakula, amesimama zizini paji la uso likiwa shingoni mwa Magala.

Nakupenda, Baba, ndiyo maana imeniuma hivi. Wazee wamenipa hadi Ijumaa nilete shahidi. Siku hiyo nitamshikisha Diba kamba mbele ya wazee hao hao na majirani wote, mchana kweupe, nitaje jina lake, la babake, na lako, kwa sauti. Wakimtaka farasi, waje wavifungue vidole vya mjukuu wako kimoja kimoja. Nawe hapo ulipolala, usikie.

Binti yako,
Mama Diba