Baiskeli za Zwolle

Groningen, Jumapili

Mdogo wangu Vaidas,

Mgongo unaniuma, ila nakula. Nilikuambia uache kiwanda uje, kwa kuwa bosi wangu Sjoerd anapeleka intaneti yetu ya wanafunzi mjini Zwolle na anataka mfunga antena.

Jana tulihesabu baiskeli nje ya mabweni ya huko, mia nne.

"Kila baiskeli ni mteja," akasema.

Nikamwonyesha cheni zilizoliwa na kutu. Wenyewe walishahitimu, wakazitelekeza.

"Mzee, wewe panda ngazi, hesabu niachie."

Kisha akarudi nyuma hatua kumi, akawapigia picha wanaotoa mtaji. Kwa mbali kutu haionekani.

Kama hujapeleka barua ya kuacha kazi, ichane.

Kaka yako,
Rimas