Vizibo vya Rangi

Jumatatu, 9 Juni

Madam kapita darasani na rula yake. Mwalimu mkuu huyu tunamwita Madam hata akiwa hayupo. Mkaguzi anakuja Ijumaa! Akiridhika, ajira yangu ya muda inakuwa ya kudumu.

Nikamwonyesha mchezo wetu. Natamka neno, mtoto anachagua vizibo vya soda vyenye silabi, anapanga mkekani. Vidole vyao! Neno limeshapangwa kabla sijafunga mdomo. Madam akapiga makofi.

Konokono tu ndiye anatuangusha. Anageuza kila kizibo, anakikodolea macho, anakirudisha. Jina hilo nimempa mimi, wenzake wakalidaka. Madam anataka arudishwe chekechea, na barua nimeshaandika. Mama yake, fundi cherehani, ameitwa Ijumaa hiyohiyo.

Jumanne, 10 Juni

Sielewi nilalie ubavu gani.

Kila silabi niliipa rangi yake, ili nisihangaike kuvitenga vizibo jioni. "Ma" ni vyekundu, "ba" ni vya bluu. Leo vyekundu vimepungua, nikaandika "ma" kwenye cha bluu. Nikamwonyesha yule hodari wangu, mwenye mdomo mkubwa. "Ba," kasema, bila wasiwasi. Wa pili: "Ba." Wa tatu — "Ba"!

Konokono akakishika. Akakigeuza. Kisha: "Ma."

Darasa zima likamcheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kucheka nao.

Jumatano, 11 Juni

Nimekata kadi kutoka kwenye maboksi ya viatu. Zote rangi moja, silabi zilezile. Nikawaita mmoja mmoja, watoto thelathini na wawili. Wengine wameshika silabi tatu, nne. Wengine wanaangalia dari. Aliyesoma zote ni mmoja.

Alikuwa anasoma! Wiki kumi anasoma, na mimi namsukuma: haraka, haraka, wenzako wamemaliza. Hao wenzake nimewafundisha rangi.

Chakula nimekirudisha jikoni kama kilivyo. Mume wangu kauliza nani kafa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Madam. Akafunga mlango. Kasema mkaguzi atakaa robo saa tu, hana haja ya kujua mambo ya maboksi. Tumia vizibo, mwalimu, hizo kadi utaanza nazo Jumatatu.

Na barua je? Kasema mtoto akiwa wa mwisho mbele ya mkaguzi, barua itajieleza yenyewe. Na mimi nikasema asante! Najichukia.

Ijumaa, 13 Juni, asubuhi

Naandika mezani kwangu, Madam na mkaguzi wako ofisini wanakunywa chai. Naandika haraka, mwandiko kama wa hawa watoto.

Fundi cherehani ameketi kwenye benchi la nje, kapiga pasi gauni mpaka mikunjo inakata. Kaniuliza: "Mwalimu, mwanangu kakosa nini?" Nimemwambia avumilie kidogo, mama. Sikumtazama usoni.

Vizibo viko kabatini, kadi ziko mezani. Nikitoa vizibo, wote watang'ara isipokuwa yeye. Nikitoa kadi, yeye peke yake ndiye atasoma, na mimi nitafungasha vitu vyangu. Kabati nimelifungua mara mbili. Nimelifunga mara mbili.

Nimeinua kichwa — kadi hazipo mezani. Konokono amepiga magoti mkekani, anazipanga. Hakuna aliyemtamkia neno. Anachukua, anaitazama, anarudisha, anachukua nyingine.

Ma ma. Yu ko. Ha pa.

Kanitazama, kacheka, pengo la meno ya mbele wazi. Anadhani mama kaja kumwona akisoma.

Viatu vinakuja barazani. Visigino vya Madam, na vingine vizito. Madam anaita tangu mbali, kwa ile sauti ya wageni: "Mwalimu, vizibo tayari?"

Kadi ziko chini, katikati ya mkeka, mtu akiingia tu anaziona. Sijaziokota.