Shafti Waliyoikata

Bunda, Alhamisi, 1984

Wameikata! Siku tatu nimeijaza ile shafti iliyolika, mhimili unaozungusha mashine ya pamba, kwa kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, halafu nikaikereza mpaka ikawa kama mpya. Bosi aliahidi: ikifungwa tu kwenye mashine, ninakwenda Kigoma kumwona mama, anaumwa.

Leo mtaalamu aliyekuja kutafiti vyuma kaikata vipande viwili, eti aone ndani. Akafurahi. "Fundi, chuma kipya na cha zamani vimeshikana kabisa!"

"Ungeniuliza tu, bwana. Mimi sikoseagi."

Bosi akacheka. "Basi tengeneza nyingine, ndipo uende."

Kwa vijiti gani vya kuchomelea? Vya mwisho viliishia humo.

Kipande kimoja wameniachia. Nimekitazama sana, mshono hauonekani. Sijui nimwandikie nini mama.