Zamu ya Kihurio

Same, 14 Machi 2006

Dada Stumai,

Shikamoo. Mchele wako tumeupata. Mama kifua kimepoa, ameanza tena kugombana na kuku.

Umeuliza kwa nini ombi lako la gari la kumpeleka mgonjwa wako Lukia hospitali, ulilolituma asubuhi kwa intaneti ya zahanati, lilifika huku Same jioni, ameshakata roho. Dada, mnara wa kampuni yetu ya simu huhudumia vituo vya intaneti kwa zamu, na zamu nazipanga mimi. Tangu kampuni ibinafsishwe, wakubwa wanataka takwimu nzuri. Basi nikawatanguliza walio karibu na mnara, wenye kasi kubwa. Kihurio, iliyo mbali, nikaiweka mwisho, ikawa inapata zamu jioni tu. Vipimo vikapendeza, nikapongezwa.

Marehemu baba akigawa maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, alianza na shamba la mwisho wa mfereji. Alisema wa juu hata wakisubiri, maji lazima yapite kwao. Nimekua nikiyasikia hayo.

Jana nimepanga upya, Kihurio inaanza. Takwimu zimeshuka, bosi amenifokea.

Mume wa Lukia usimweleze kitu. Nitakuja kwenye arobaini, nimwambie mwenyewe.

Mdogo wako,
Hamdani